Jibu: Azur Air ni shirika la namna gani?

Mkuu, umeuliza kuhusu Azur Air, ndege za Warusi zilizokuwa zikimwaga watalii Zanzibar, na mbona tiketi zake hukuziona zikiuzwa kama za Emirates.

Hawa biashara yao ni safari za kukodiwa. Kampuni ya utalii inachukua viti vya ndege, inavifunga pamoja na hoteli na basi la kukupokea uwanjani, kisha inamuuzia Mrusi kifurushi kimoja. Kwa Azur kampuni hiyo ni Anex Tour, iliyolichukua shirika 2015 kutoka UTair, shirika jingine la ndege la Urusi. Zamani liliitwa Katekavia, kashirika ka Siberia kenye An-24, panga boi za enzi za Usovieti.

Siri ya bei ni kubanana. Boeing 777-300ER yao imepangwa viti 531, wakati Emirates kwenye ndege hiyohiyo huweka kama 350. Saa kumi angani magoti yamekunjwa! Mimi nisingeweza, ila kwa anayekimbia baridi ya Januari kule Moscow si neno.

Zanzibar mambo yalikatika Aprili 2021, Urusi iliposimamisha safari za Tanzania kwa sababu ya korona. Mwishoni mwa Februari 2022 vikaja vikwazo vya nchi za Magharibi dhidi ya Urusi: ndege nyingi zilikuwa za kukodi kutoka kampuni za nje, zikitua ugenini zingeweza kukamatwa. Machi Azur wakasitisha safari za nje, wakazirudisha baadaye kwa nchi chache tu. Januari 2023 walikuwa tayari wanapeleka watu Goa, India.