Kabla ya Kumwaga Rangi, Pima Meza

Mchoro wangu wa kwanza wa kumwaga rangi, yaani rangi laini inayomwagwa kwenye kanvasi badala ya kupakwa kwa brashi, ulipendeza kwa saa moja tu. Nilipoamka asubuhi, nusu ya rangi ilikuwa sakafuni. Kumbe meza ilikuwa imeinama kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Siku hizi nafudikiza vikombe vinne, naweka kanvasi juu yake, kisha naweka pimamaji juu ya kanvasi yenyewe, kwa urefu na kwa upana.

Jambo linaloangusha wengi ni uzito wa rangi. Rangi ya akriliki ya tyubu ni nzito, haitiririki, basi mtu anaongeza maji, na maji tena. Yakizidi, rangi inapoteza mshiko wake. Mimi huanza na gundi nyeupe ya mbao: sehemu mbili za gundi kwa moja ya rangi, ndipo maji yafuate kidogo kidogo. Inua kijiti uone. Rangi ishuke kama uzi wa asali, ijikusanye juu kwa sekunde moja, kisha izame. Rangi zote ziwe na wepesi huohuo. Koroga taratibu, maana ukikoroga kwa pupa unaingiza mapovu. (Gundi huweza kugeuka manjano miaka ikipita, kwa hiyo kazi ya kuuza inastahili kimiminika maalumu cha kumwagia.)

Hata zikitiririka sawa, rangi nyeupe ya titani ina uzito zaidi kuliko rangi nyingi za ujazo uleule. Ikikaa juu ya rangi yenye uzito mdogo huzama, na ile ya chini hupanda na kufungua vijicho vya duara. Mchoraji wa Meksiko, David Alfaro Siqueiros, alikuwa akiichezea hali hiyo tangu miaka ya 1930. Wengine huongeza matone ya mafuta ya silikoni ili kupata vijicho hivyo. Mimi nimeyaacha, kwa sababu yasipofutwa vizuri vanishi haishiki.

Rangi tatu na nyeupe zinatosha. Niliwahi kutia sita, nikapata matope.

Ukishamwaga rangi, inamisha kanvasi mpaka pembe zote zifunikwe, halafu ondoka. Kweli, ondoka. Kila mchoro nilioharibu baada ya hapo niliuharibu kwa "kurekebisha kidogo". Ufunike kwa boksi lisiloigusa rangi, uuache siku moja hadi tatu. Vanishi ingoje wiki tatu.

Mabaki usiyamwage kwenye sinki, yatagandia bombani. Yaache yakauke juu ya plastiki, kisha yabandue kama ngozi. Ninayo bahasha nzima ya ngozi hizo, na nyingine zimeshinda michoro yenyewe kwa uzuri.