Maswali ya wasomaji: Giaboksi inalia, lakini ni kipi hasa kinacholia?

Shikamoo fundi. Nina Land Rover Defender 110 ya 1996, injini ya 300Tdi. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) na gia iko nyutro, kuna mkoromo chini ya sakafu. Nikikanyaga klachi unakufa. Barabarani inalia gia ya 1, 2, 3 na 5, ila ya 4 inatulia. Fundi mmoja ameniambia ninunue giaboksi nyingine ya mtumba, mwingine anasema ni difu. Nimsikilize nani?
Msomaji, Iringa

Marahaba. Difu, yaani kasha la gia kwenye ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu, iondoe kabisa. Gari limesimama, magurudumu hayazunguki, kwa hiyo difu nayo imesimama na haiwezi kukoroma.

Klachi ikiwa juu na gia nyutro, ndani ya giaboksi vinazunguka vitu viwili vikubwa: shafti ya kuingilia, inayotoka kwenye klachi, na shafti ya chini, pamoja na gia zinazosukumwa nayo. Ukikanyaga klachi, vyote vinasimama. Kelele inayokufa hapo hapo inatoka kwenye beringi za shafti hizo mbili. Ingekuwa inaanza unapokanyaga, tungeshuku beringi ya klachi yenyewe, au bushi ndogo iliyo katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) inayoshika ncha ya shafti.

Sasa hiyo gia ya 4 inayotulia ndiyo inayotupa jibu. Gari lako lina giaboksi ya R380, na ndani yake gia ya 4 ni ya moja kwa moja, mzunguko mmoja kwa mmoja. Nguvu inatoka shafti ya kuingilia na kuingia shafti kuu, ile inayotokea nyuma, bila kupitia shafti ya chini. Shafti ya chini inaendelea kuzunguka, lakini haibebi mzigo. Gia nyingine zote, pamoja na ya 5, lazima zipitie chini. Kelele inayokuwepo kila gia ikapungua sana kwenye ya 4 inaelekeza kwenye beringi za shafti ya chini kwanza, kisha ile ya shafti ya kuingilia. Ingelia gia moja tu, tungesema ni meno ya gia hiyo. Wenye magari ya injini ya 200Tdi, ambayo yalikuja na giaboksi ya LT77, wanaweza kufuata mantiki hii hii.

Kabla ya kushusha chochote, angalia oili. Anza kulegeza bolti ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Wengi hufanya kinyume, wakishamwaga oili yote wanakuta ya kujazia imeganda na gari haliwezi kuondoka. Mwaga oili ikiwa moto kwenye chombo safi, uitazame juani. Unga laini wa rangi ya dhahabu unatoka kwenye ringi za sinkro (zinazolinganisha mizunguko wakati wa kubadilisha gia), na kidogo chake ni kawaida kwa giaboksi yenye umri huo. Vipande vyembamba vya chuma kama magamba vinatoka kwenye beringi au meno. Ukivipata, jibu umeshalipata.

Tazama pia ni oili gani iliyotoka. R380 imetengenezwa kwa oili nyepesi: mwanzoni ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) ya Dexron, baadaye oili ya giaboksi iliyotambulika kama MTF94. Inaingia takriban lita 2.7, hadi ichuruzike kwenye tundu la kujazia gari likiwa mahali tambarare. Mafundi wengi wanatia EP90 ya difu kwa imani kwamba oili nzito inazima kelele. Inazima kidogo kweli, kwa wiki chache. Lakini giaboksi hii ina pampu yake ya oili inayoendeshwa na shafti ya chini, na njia zake ni nyembamba. Oili nzito inachelewa kufika, gia zinakuwa ngumu asubuhi, na ringi za sinkro zinaisha kabla ya wakati.

Kwa sababu ya pampu hiyo hiyo, gari lisivutwe kwa kamba transfa (kasha la nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) ikiwa imeingia. Shafti kuu itazungushwa na magurudumu huku pampu imesimama. Weka gia nyutro na transfa nyutro.

Giaboksi ya mtumba nisingeikimbilia. Hujui ilitembea na oili gani. Ikiwa meno ya gia zako hayajatoboka wala kumenyeka, seti ya beringi na sili inatosha, mradi fundi awe na saa ya kupimia na apange shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) za kila shafti kwa vipimo. Fundi anayerudisha shimu za zamani kwenye beringi mpya bila kupima atakurudishia kelele. Usiendelee kulitembeza gari hivyo kwa muda mrefu. Beringi iliyolegea inaiacha shafti icheze, meno yanashikana vibaya, na kazi ya beringi inageuka kuwa kazi ya gia nzima.

Fundi, Defender yangu haina kelele ikisimama. Ikifika kilomita 60 kwa saa inaanza kuvuma, inaongezeka hadi 80. Nimeambiwa giaboksi ishushwe.
Msomaji, Nanyuki

Isishushwe bado. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, fika 80, kisha kanyaga klachi, weka nyutro, achia klachi na uliache gari lijiendee lenyewe injini ikiwa sailensa. Mvumo ukibaki vilevile na kupungua kadiri mwendo unavyopungua, basi uko nyuma ya giaboksi: propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu), difu, beringi za magurudumu, beringi za kutokea za transfa, au tairi zenyewe. Tairi za matope huvuma sana kwenye lami na kunyamaza kwenye murram, kwa hiyo linganisha barabara hizo mbili kwanza. Beringi ya gurudumu hubadilisha sauti ukiliyumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Difu hubadilika unapokanyaga mafuta na unapoachia. Ikivuma kwa kuvuta na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, tazama pinioni, gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu.

Propela ya mbele unaweza kuitoa kabisa ukajaribu bila hiyo. Kila flenji (bamba la kuungia kwenye ncha) ina bolti nne, na nati zake ni za spana ya 9/16. Spana ya milimita 14 haiingii, na ya 15 itakula kona za nati. Ukishaitoa, ingiza difu loki ya katikati (inayozifunga pande za mbele na nyuma zizunguke pamoja) kabla ya kuondoka, la sivyo nguvu yote itaishia kwenye flenji tupu ya mbele na gari halitasogea.

Hapa naomba sana usikilize: breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka nyuma ya transfa. Ukitoa propela ya nyuma, huna tena breki ya mkono. Ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lizunguke na gari linaweza kuteleza likuangukie. Weka vizuizi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini kabla hujaingia chini ya gari, hata kama unaingia kwa dakika moja.

Na transfa yenyewe, ile LT230, tunaijaribuje?
Msomaji huyo huyo

Gari likiwa limesimama na vizuizi vimewekwa, weka transfa nyutro, ingiza gia ya 4 na uachie klachi. Gari halitaenda, lakini shafti kuu, gia ya kuingilia ya transfa na gia za kati zitazunguka. Ukisikia mkoromo ambao haukuwepo gia ikiwa nyutro, shuku beringi za hapo. Tumia bisibisi ndefu: ncha kwenye kasha, mpini sikioni, ukihama kutoka kwenye kengele ya klachi (kasha linalofunika klachi) hadi mwisho wa transfa. Funga nguo zinazoning'inia. Oili ya transfa ni EP90, takriban lita 2.3. Mlio mwembamba kwenye gia za chini ni tabia yake, usihangaike nao.

Nina Discovery ya kwanza yenye 300Tdi. Nikikanyaga au kuachia mafuta inagonga "ko!" chini. Krosi zote (viungo vya propela) nimebadilisha. Bado.
Msomaji, Moshi

Krosi ulizianza vizuri. Sasa zima injini, weka vizuizi, achia breki ya mkono, ingiza gia ya 1, kisha shika propela ya nyuma kwa mikono uizungushe huku na huku. Mwenzako atazame pinioni ya difu, wewe tazama flenji ya transfa. Kila kiungo kina nafasi yake ndogo. Unatafuta kilicho na nafasi kubwa.

Ikiwa ni upande wa transfa, fungua kifuniko cha nyuma yake, kile kinachokabili ncha ya shafti kuu. Ndani utaona gia ya kuingilia. Mashine hizi zina ugonjwa unaofahamika: meno marefu ya shafti kuu yanayoshika gia hiyo hayapati oili ya kutosha, yanashika kutu na kulika. Unga mwekundu wa kutu pale ndani ni ushahidi. Gia ikicheza juu ya shafti huku shafti imesimama, usingoje, kwa maana mwisho wake ni gari kuunguruma bila kusogea, mara nyingi ukiwa na mzigo mlimani.

Ukinunua gia mpya, chagua ile iliyotobolewa matundu ya kupitishia oili kwenye meno ya ndani. Na ikague shafti kwa kucha: ukihisi ngazi pale gia ilipokaa, gia mpya juu yake italika upesi, na shafti haibadilishwi bila kufungua giaboksi yote.

Land Cruiser yangu HZJ75 inapunguza oili ya giaboksi na chini hakuna hata tone. Imeanza kulia.
Msomaji, Lodwar

Fungua bolti ya kujazia ya transfa. Oili ikimwagika kwa wingi, imehamia huko kupitia sili iliyo kati ya giaboksi na transfa. Giaboksi inakauka na kulia, transfa inajaa na kuchemka. Mpaka sili ibadilishwe, mwaga transfa hadi usawa wa tundu na ujaze giaboksi, kisha kagua vyote viwili baada ya kila safari ndefu. Tia oili ya aina moja kote kuwili, maana zitachanganyika tu.