Wadogo zangu, msinakili majibu ya kwizi

Jumamosi iliyopita, kwenye kundi letu la kusoma hapa Majengo, Moshi, kijana mmoja alinionyesha simu yake kwa furaha. Kozi 14 amejiandikisha, zote za bure, zote ziko wiki ya kwanza. Nikamuuliza ipi amemaliza. "Kaka, nasubiri bando." Pembeni yake dada mmoja mpole kabisa alikuwa anasaka majibu ya kwizi mtandaoni ili asonge mbele. Usingizi ulinipaa usiku ule. Nawaandikia kwa sababu nawapenda, na kwa sababu mnanichosha.

1. Kozi moja. Ikiisha, fungua ya pili.

2. Pakueni video usiku, bando likiwa rahisi. MIT OpenCourseWare, masomo ya bure ya chuo cha MIT cha Marekani yaliyotangazwa tangu 2001, hayadai hata kujiandikisha.

3. Msinakili. Hapa mnivumilie.

Nilianza CS50, kozi ya bure ya Harvard ya kuanza sayansi ya kompyuta, kwa moyo wote. Wiki ya 0, Scratch, lugha ya kuprogramu kwa vipande vya picha, nilikuwa nacheka peke yangu chumbani. Wiki ya 1, lugha ya C, nikakaza. Wiki ya 5, kazi ya Speller, ya kuandika programu ya kukagua tahajia, ikanikalisha siku 9, na siku ya 10 nikafungua msimbo wa mtu nikaunakili. check50, programu inayokagua kazi zetu, ikatoa kijani tupu. Nakumbuka nilivyoshusha pumzi. Tangu hapo kila kilichonigomea nilinakili. Wiki ya 7, SQL, lugha ya kuuliza data iliyo kwenye majedwali, video niliiendesha kasi huku nakula, kisha nikabandika majibu ya watu. Cheti kikaja. Nikakichapisha, nikakihifadhi pamoja na cha kidato cha sita.

Kwa cheti hicho nikapata kazi ya muda kwenye chama kimoja cha wakulima wa kahawa: kuunganisha jedwali la wanachama na la kilo walizoleta. Nikaandika JOIN, amri ya SQL ya kuunganisha majedwali, kama nilivyoiona kwa wengine. Kumbe baadhi ya wanachama walikuwa na kadi mbili, ya zamani na mpya, kwa hiyo kila mzigo wao ukatokea mara mbili. Sikuhesabu mistari kabla na baada ya kuunganisha. Sikujua kwamba huhesabiwa. Orodha ikabandikwa ukutani.

Kesho yake akaja mama mmoja kutoka Kibosho, kwa miguu, kanga imelowa mvua. Nikamwamkia. Akaweka kidole kwenye jina lake. "Mwanangu, hizi kilo si zangu. Nilileta nusu yake. Nyingine ni za nani?"

Hazikuwa za mtu. Orodha ikabanduliwa watu wakitazama, mwenyekiti akaomba radhi kwa kosa langu, malipo yakachelewa wiki tatu, na ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa. Wapo waliokopa sare na madaftari kwa ajili yangu. Linaniuma mpaka leo.

Nikarudi wiki ya 7, safari hii bila cheti cha kukimbilia. Kwenye mhadhara ule ule niliokuwa nimeukimbiza, David Malan, mwalimu wa CS50, anaonyesha kipindi kimoja cha televisheni kilichoandikwa chini ya aina kadhaa, kama vichekesho na familia, na jinsi jina lake linavyojirudia ukiunganisha majedwali. Kadi mbili zangu zilikuwa pale, zinanisubiri. Fiftyville, kazi ya wiki hiyo ya kumsaka mwizi wa bata kwa SQL, ilinichukua siku 11. Niliimaliza mwenyewe.

4. Saa sita usiku ya UTC, saa ya kimataifa, kwetu ni saa tisa usiku. Someni dedilaini vizuri kabla ya kulia.

5. Msaada wa ada wa Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, unaweza kuchukua wiki mbili kujibiwa, basi ombeni mapema, na maelezo muandike wenyewe. Nimesoma matatu ya hapa kundini yaliyofanana hadi makosa ya tahajia.

Na wewe dada wa kwizi, sikukutaja jina na sitakutaja. Jumamosi njoo saa tatu asubuhi, kabla wengine hawajajaa, na swali lile lile lililokushinda. Usilitafutie jibu kwanza. Nitaleta daftari, tulichore.