Maswali ya Wasomaji: Watengenezaji programu wa Java wanapohamia winguni, wafundishwe nini kwanza?

SWALI: Mhariri, ninasimamia kitengo cha TEHAMA katika chama cha akiba na mikopo hapa Nairobi, nikiwa na watengenezaji programu sita ambao wote huandika Java. Hesabu za wanachama, mikopo na malipo ya simu ni mifumo mitatu iliyounganishwa kupitia seva moja iliyo katika chumba cha nyuma ya kaunta. Halmashauri imeagiza tuhamie winguni, yaani kwenye seva za kukodi zinazofikiwa kwa mtandao, na imetenga fedha za mafunzo ya siku tano. Mkufunzi tuliyemwendea ameleta ratiba ya siku tatu za kontena (vifurushi vinavyobeba programu pamoja na kila inachohitaji) na Kubernetes (mfumo wa kuziendesha na kuzisimamia kontena hizo), siku moja ya Quarkus (nyenzo ya kuandikia programu za Java za winguni), na siku ya mwisho ya kuunganisha mifumo pamoja na mtihani. Je, nitie sahihi? – Msimamizi, Upper Hill

JIBU: Usitie sahihi bado, Bwana Msimamizi. Sina neno na mkufunzi huyo, lakini ratiba yake imeanzia darini. Watu wako hawahamii winguni ili wawe mafundi wa Kubernetes. Wanahamia na kazi yao ile ile ya kuutoa ujumbe kwenye mfumo mmoja na kuufikisha kwenye mwingine bila kuupoteza wala kuuhesabu mara mbili, na kazi hiyo ndiyo iliyosukumwa hadi siku ya mwisho, ikigawana saa na mtihani.

Kilichobadilika ni mazingira ya programu. Katika chumba cha nyuma ya kaunta, programu huwashwa mara moja ikakaa miezi bila kuzimwa, iko moja tu, na mengi inayoyakumbuka yamo katika kumbukumbu yake yenyewe. Winguni programu hiyo huendeshwa kwa nakala mbili au tatu, na nakala yoyote yaweza kuzimwa saa yoyote na kuwashwa kwenye mashine nyingine. Asiyelizoea jambo hilo ataandika Java safi, itakayopita majaribio yote kwenye kompyuta yake, kisha iharibu hesabu za mwanachama.

Nikueleze zoezi ambalo mimi huanza nalo asubuhi ya siku ya kwanza. Mwanachama wa kubuni ameweka shilingi 2,500 kwa M-Pesa. Taarifa ya malipo inaingia kwenye programu iliyoandikwa kwa Apache Camel (nyenzo ya Java ya kupitisha ujumbe kati ya mifumo, ambayo, kwa sadfa, ilitoka mwaka 2007, mwaka ule ule M-Pesa ilipozinduliwa), ikiwa na ile namba ya muamala ya herufi na tarakimu kumi ambayo kila mmoja wetu huiona kwenye ujumbe wa simu. Mtandao unasuasua, jibu la kuthibitisha upokeaji halimfikii mtumaji, naye anaituma taarifa tena. Nawauliza wanafunzi salio litasomaje. Walio wepesi huweka kile kipengele cha Camel cha kukataa ujumbe uliojirudia, wakiitambua taarifa kwa namba ya muamala, na kweli salio hubaki 2,500. Hapo nawaomba wafute hesabu, wawashe nakala ya pili ya programu, na watume taarifa ile mara mbili, kila nakala ipokee moja. Salio linasoma 5,000. Orodha ya namba zilizokwisha kupokewa ilikuwa katika kumbukumbu ya nakala ya kwanza, na ya pili haikuwa na habari nayo.

Dawa ya kwanza wanaipata wenyewe, kwamba orodha ihamishiwe kwenye hifadhidata inayotumiwa na nakala zote, na safu ya namba iwekewe sharti la kutorudiwa. Dawa ya pili huchukua muda zaidi. Programu ikiandika namba kisha ikazimwa kabla ya kuongeza salio, taarifa itakaporudi itakataliwa kwa kuwa imekwisha kuonekana, na fedha hazitaingia kamwe. Kwa hiyo kuandika namba na kuongeza salio lazima viwe tendo moja la hifadhidata, vifaulu pamoja au vishindwe pamoja. Kosa hili naliona zito kuliko lile la kwanza, maana mwanachama aliyezidishiwa hunyamaza, lakini aliyepunjwa huja kaunta na mashahidi.

Baada ya hapo ndipo Kubernetes ina la kufundisha, na sasa wanafunzi wana sababu ya kusikiliza. Kwa kawaida Kubernetes ikitaka kuizima nakala huipa ishara, ikaisubiri sekunde 30, kisha ikaikata kwa nguvu. Camel nayo, ikipata ishara hiyo, hujaribu kumaliza jumbe zilizo mkononi, na katika matoleo ya sasa hujipa hadi sekunde 45. Tazama pengo hilo la sekunde 15. Ujumbe wenye kuchukua sekunde 40 utakatwa njiani, ingawa kila upande umefuata kanuni zake. Mwambie kila mwanafunzi arekebishe upande mmoja, kisha aizime nakala ujumbe ukiwa katikati, mbele ya wenzake.

Jambo la tatu ni fupi. Matoleo ya zamani ya Java 8 hayakujua kwamba yamo ndani ya kontena, hivyo yaliangalia kumbukumbu ya mashine nzima. Ukiipa kontena megabaiti 512 kwenye mashine ya gigabaiti 16, Java hujiona ina ruhusa ya kufikia robo ya mashine, yaani gigabaiti 4, nayo kontena huuawa na kuacha namba 137, alama ya programu iliyokatwa kwa nguvu, kwenye kumbukumbu za matukio. Java 10 ya mwaka 2018 iliondoa tatizo hilo, na marekebisho yakarudishwa kwenye toleo la 8u191, kwa hiyo uliza kwanza seva yako inaendesha toleo gani.

Kuhusu siku tano, ningezigawa. Siku mbili za ujumbe na kushindwa kwake kama nilivyoeleza, kisha watu warudi kazini kwa wiki tatu wakihamisha kiungo kimoja kidogo kisichogusa fedha, kama vile kinachotuma taarifa za mikusanyiko kwa wanachama, halafu siku tatu za mwisho mkufunzi afundishe kwa kutumia makosa waliyoyafanya wenyewe. Wawili kati ya sita waijue Kubernetes kwa undani, na wanne watosheke na kusoma kumbukumbu za matukio na kurudisha toleo lililotangulia. Usiwaweke wakongwe nyuma ya darasa. Wao ndio wanaojua kwamba faili la tawi fulani huandika mwezi kabla ya siku, na ujuzi huo hauuzwi na mkufunzi yeyote.

Data za mazoezi ziwe za kubuni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikuachilii kwa sababu ilikuwa siku ya mafunzo, na ina masharti kuhusu data za watu kutolewa nje ya Kenya. Microsoft na Amazon zilifungua vituo vyao vya wingu Afrika Kusini mwaka 2019 na 2020, kwa hiyo swali la data iko nchi gani litakufikia mapema.

SWALI: Nimemaliza chuo na najifunza Camel nyumbani kwa kompyuta ya gigabaiti 8. Kubernetes inaizimisha, na maktaba za Java zinamaliza bando. Nifanyeje? – Msomaji wa kike, Roysambu

JIBU: Dada, iache Kubernetes kwa sasa. Camel ina zana inayotumia JBang (programu ya kuendesha faili la Java bila kuunda mradi mzima), ambayo huendesha njia nzima ya ujumbe kutoka kwenye faili moja, na kontena moja ya foleni ya ActiveMQ Artemis yatosha kuwa mwenzake. Kuhusu bando, maktaba ambazo Maven (zana ya kupakua maktaba na kujenga miradi ya Java) imekwisha kupakua hukaa kwenye folda ya .m2. Nakili folda ya rafiki aliye na mradi kama wako kwa flashi, kisha uiendeshe Maven kwa alama ya -o ili isiuguse mtandao. Jifunze kwanza kuzima foleni katikati ya kazi na kuona jumbe zako zimekwenda wapi.

SWALI: Programu zetu bado zinatumia majina ya maktaba za Java yanayoanza na javax. Tuyabadilishe kuwa jakarta kabla ya kuhama au baada? – Msomaji, Industrial Area

JIBU: Kabla, mkiwa bado kwenye seva mnayoijua. Majina hayo yalibadilika katika Jakarta EE 9 (viwango vya Java kwa programu za taasisi) mwaka 2020, na Spring Boot 3 (nyenzo nyingine ya kuandikia programu za Java) pamoja na Camel 4 zinadai mapya na angalau Java 17. Mkibadilisha majina na makazi kwa pamoja, kosa likitokea hamtajua mlaumu lipi.