Nyonga Kwanza, Kiuno Baadaye: Maswali Yenu ya Mavazi

Kila suruali inayonienea mapajani na makalioni, kiunoni inabaki wazi, ngumi inapita. Nikichukua ndogo, inagoma mapajani. Nipunguze mwili?

Hapana, dada. Mwili wako hauna kosa, kosa liko kwenye mkato. Suruali nyingi za dukani hukatwa kwa kukadiria kwamba nyonga imezidi kiuno kwa takriban sentimita 25. Anza kwa kujua tofauti yako mwenyewe. Simama miguu ikiwa pamoja, umevaa chupi ya kila siku. Zungusha futi kiunoni, pale mwili unapokunjika ukiinama kwa ubavu. Kisha pima nyonga: si kwenye mfupa, bali pale makalio yanapotokeza kuliko popote, mara nyingi sentimita 18 hadi 23 chini ya kiuno. Jitazame kwenye kioo kwa ubavu, futi isiwe imepanda nyuma.

Tuseme kiuno ni 80 na nyonga ni 116. Tofauti ni 36, kwa hiyo suruali inayotosha nyonga yako itazidi kiunoni kwa sentimita 11 hivi. Nunua hiyo hiyo. Kupunguza kiuno kunawezekana, lakini kuongeza paja ambalo halina akiba ya kitambaa kwenye mshono hakuwezekani.

Sasa hizo 11 zinapungua wapi? Fundi wengi huzitoa zote kwenye mshono wa katikati nyuma, na hapo ndipo suruali inapoharibika: mifuko ya nyuma inasogeleana mpaka inakaribia kugusana, na msamba unavutwa. Mshono huo utoe sentimita 4, basi. Zile 7 zilizobaki zigawanywe kwenye vikunjo vinne vya kushonwa, viwili kila upande wa nyuma, kila kimoja kikila chini kidogo ya sentimita 2. Kikunjo kiishie sentimita 2 au 3 juu ya pale kalio linapotokeza, na ncha yake ichongoke polepole. Kikunjo kimoja kinene cha sentimita 4 kitaacha kijinundu mwishoni ambacho hata pasi haikiondoi.

Halafu mkanda. Mkanda wa suruali ukiwa kipande kilichonyooka, ukingo wake wa juu utapwaya tu, kwa sababu kiuno chako ni chembamba juu na kinapanuka haraka kikishuka. Mwambie fundi afumue mkanda wote, akate mwingine wenye mviringo, ukingo wa juu ukiwa mfupi kuliko wa chini. Akikata kipande cha nyuma tu na kuunganisha, umelipia kazi nusu. Mshipi nao hausaidii: unakusanya kitambaa mgongoni, kinakuwa kibunda chini ya blauzi.

Kabla ya cherehani, fundi apige bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda inayofumuka kirahisi. Vaa, kaa kitini, inama ufunge kamba za kiatu. Nyonga hutanuka ukikaa, ndiyo maana kitambaa kisichovutika kinahitaji nafasi ya sentimita 5 hivi zaidi ya kipimo chako. Suruali iliyokaa vizuri ukiwa umesimama tu bado haijakaa.

Ndugu zangu wananiambia mwenye mwili kama wangu avae nyeusi na mapana. Ni kweli?

Vaa rangi unayoipenda. Gauni pana linaloanguka kutoka kifuani moja kwa moja hufuata sehemu yako pana kuliko zote na kuishusha hadi chini, kwa hiyo unaonekana mpana kote. Lile linalogusa kiuno bila kukibana, kisha likaachia kwenye nyonga, linafuata umbo lenyewe. La kupishanisha mbele na kufunga ubavuni ni zuri kwa sababu unalirekebisha mwenyewe. Angalia tu upande wa juu upite ule wa chini kwa kiasi cha kutosha, usije ukafunguka ukikaa.

Shati langu linatosha mabegani, lakini kati ya vifungo vya kifuani panafunguka jicho. Nichukue kubwa zaidi?

Ukichukua kubwa, mabega yatashuka kwenye mikono na kola itakaa mbali na shingo. Vaa kwanza sidiria utakayovaa na shati hilo. Sidiria iliyolegea hushusha matiti, na vipimo vyote vitakuwa vya mahali pengine. Pima juu ya matiti, futi ikipita kwapani, kisha pima kwenye chuchu. Tofauti ikizidi sentimita 5, mashati ya kawaida yatakusumbua, kwa sababu mengi hukatwa kwa tofauti ya kiasi hicho.

Soma makunyanzi, yanasema ukweli. Ya kulala kifuani maana yake panabana. Ya mshazari yanayotoka kwapani kwenda kwenye titi yanaonyesha kwamba kipande cha mbele hakina kitambaa cha kutosha, kwa upana na kwa urefu pia. Hili la urefu husahaulika. Kitambaa cha mbele kinapanda juu ya titi ndipo kishuke, na kisipoongezwa, pindo la mbele hunyanyuka.

Ukishonesha, mweleze fundi akate mabega kwa kipimo cha juu ya matiti, aongeze kifuani peke yake, na kikunjo cha ubavuni kielekee kwenye chuchu lakini kiishie sentimita 3 hivi kabla ya kuifikia. Kifungo kimoja kikae sawasawa na chuchu, vingine vipangwe kuanzia hapo. Kwa shati ambalo tayari unalo, shonea kibanio kidogo cha kubonyeza, kwa ndani, pale jicho linapofunguka. Kama linavutana sana, kibanio kitachana kitambaa. Hilo lipe mtu ambaye linamtosha.

Sketi yangu ya mistari imepanda nyuma vidole viwili, ingawa fundi anaapa amekata sawa.

Amekata sawa kweli, na ndilo tatizo. Kitambaa cha nyuma kinapita juu ya makalio, safari yake ni ndefu kuliko ya mbele. Pima kutoka kiunoni hadi sakafuni mbele, ubavuni na nyuma, ukiwa na viatu utakavyovaa. Tofauti utakayopata iongezwe juu, kwenye kiuno cha kipande cha nyuma, wala si kwenye pindo, hasa kwa mistari ya kulala: ukikata pindo ndilo lifidie, mistari itapinda na kila mtu ataiona.

Hii uliyonayo, kama kuna akiba chini ya mkanda, fumua mkanda nyuma na uishushe. Kama akiba haipo, fungua pindo la nyuma uone lina kina gani. Na sketi iliyokatwa hanamu, yaani kwa mshazari wa nyuzi za kitambaa, itundikwe siku nzima kabla ya kupindwa, kwani kitambaa hicho hurefuka kwa uzito wake, na hakirefuki sawa pande zote.