Kurefusha sweta lililofumwa kwa mkono

Swali: Mwanangu anasoma Lushoto, na sweta alilofumiwa na bibi yake sasa linamwishia kiunoni, ingawa mabegani na kifuani bado linamtosha. Nilijaribu kuvuta uzi wa ukingo wa chini ili niufumue, lakini ulikaza na kujifunga. Je, ni lazima nilifumue lote? – Mama, Pangani.

Jibu: Hapana, dada yangu, usilifumue lote. Uzi umekukatalia kwa sababu sweta hilo lilianziwa chini, na kitu kilichofumwa hufumuka vizuri kutokea upande kilikomalizikia. Ukivuta kutokea kilikoanzia, uzi hujisokota ndani ya vitanzi, hasa kwenye ukingo wa kuvutika, ambako kitanzi kimoja hutazama mbele na cha pili nyuma. Ukingo huo hukatwa.

Kabla ya kushika mkasi, chagua safu moja ya sehemu isiyo na nakshi, juu kidogo ya ukingo, kisha upitishe uzi mwembamba wa rangi nyingine katika kila kitanzi cha safu hiyo, bila kuruka hata kimoja. Nasisitiza hili kwa kuwa niliwahi kulipuuza hapa Ngamiani, na vitanzi vitatu vikateremka safu tano kabla sijavidaka. Shuka safu mbili, kata kitanzi kimoja tu katikati, kisha uchomoe uzi kwa ncha ya sindano, kitanzi baada ya kitanzi, hadi ukingo uachane na sweta. Rudisha vitanzi vilivyoshikwa kwenye sindano ya kufumia na uvihesabu: kwa kuwa sasa unafuma kuelekea chini, huenda kikapungua kimoja, nawe utakiokota pembeni. Vitanzi vipya hukaa nusu hatua kando ya vile vya zamani, jambo lisiloonekana kwenye ufumaji wa kawaida, lakini huonekana wazi kwenye nakshi, ndiyo maana usikate hapo.

Idadi ya safu ipime kwenye sweta lenyewe likiwa limefuliwa na kukauka. Ikiwa sentimita 10 zina safu 28, nyongeza ya sentimita 8 itahitaji safu 22 au 23.

Kuhusu rangi, uzi mpya hautalingana na ule uliokwisha kufuliwa na kuanikwa juani mara nyingi. Mimi hupendelea kufuma nyongeza kwa rangi tofauti kabisa, kama mkanda, kisha ukingo kwa uzi wa bibi, kwa maana kipande ulichokikata sasa kitafumuka kwa urahisi kutokea juu. Uzi huo uzungushe kwenye kiti, uufunge, uuloweshe, kisha uuanike kivulini hadi mikunjo iishe.

Mikono ya sweta hurefushwa vivyo hivyo, safu zikiwa sawa pande zote mbili. Unapomalizia ukingo, tumia sindano nene kidogo kuliko uliyofumia, la sivyo utambana mtoto.