Ukitaka matufaa makubwa, yapunguze yakiwa madogo

Wateja wa sokoni Mgandini wakiyaona matufaa yangu huuliza swali lilelile: miche umeitoa wapi? Sawa, miche ina nafasi yake. Baridi yetu ya Lushoto si ya Ulaya, kwa hiyo tunahitaji aina zisizodai baridi nyingi, kama Anna iliyotoka Israel na Dorsett Golden ya Bahamas. Zipande pamoja, maana Anna bila chavua ya mwenzake huzaa kwa shida. Lakini jirani yangu ana miche hiyohiyo, na matufaa yake watoto ndio wanaoyachezea.

Tofauti kubwa iko kwenye kupunguza matunda. Mtufaa hutoa maua kwa mashada, matano au sita pamoja, na yakishika yote utajiona tajiri. Subiri yafike ukubwa wa gololi, kisha pita mti kwa mti. Kila shada bakiza tunda moja, aghalabu la katikati, kwa kuwa ua lake ndilo lililotangulia kuchanua. Kati ya tunda na tunda acha sentimita 15 hivi. Linalobaki lishike kwa vidole, linaloondoka likate kikonyo kwa ukucha wa gumba. Ukivuta kwa pupa shada zima litakubakia mkononi.

Shemeji alinikuta kwenye kazi hiyo, chini kumetapakaa vitunda. "Shemeji, hela zote hizo unamwaga?" Nikamwambia mti uliobebeshwa kupita kiasi hutoa vitunda visivyo na utamu, na mwakani hugoma: mbegu za matunda yote yale huzuia mti kutunga vichipukizi vya maua ya msimu unaofuata. Ila usikomoe. Mti ulioachiwa matunda machache mno huyafanya makubwa kupindukia, yakaota vidoa vya kahawia vilivyobonyea, vichungu, na hayakai ghalani.

Baada ya hapo ni jua. Tunda la kivulini halishiki wekundu hata ungelipigia magoti. Pogoa katikati ya mti mpaka saa sita mchana mwanga utue ardhini. Matawi yaliyosimama wima yainamishe kwa kamba. Tawi lililolala huwahi kuzaa.

Samadi na urea, kwa kiasi. Naitrojeni ikizidi utavuna majani, na matunda yatakuwa laini, rangi hafifu. Kwa kona za barabara yetu ya kushuka mlima, Soni mpaka Mombo, yatafika mjini yamechubuka.

Siku ya kuvuna, usivute. Linyanyue tunda, lizungushe kidogo. Lililokomaa huachia na kikonyo chake. Kata moja uangalie mbegu: ziwe za kahawia. Kama una ayodini, paka kwenye kipande. Kikigeuka cheusi chote, wanga bado haujawa sukari, mwambie dalali arudi wiki ijayo.